Huu Mpira Unatoka Lini?

Hotuba niliyoitoa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya ya jamii, wauguzi na familia zinazouguza wagonjwa nyumbani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa mwishoni.

Oyawore. Mulembe. Hamjambo nyote. Itifaki tuihesabu kuwa imezingatiwa, maana nikianza kuwataja wakubwa mmoja mmoja jua litatukuta humu ndani, na mabati ya Kisumu mnayajua.

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu ni kuzuia maambukizi hospitalini, yaani kuhakikisha aliyekuja na ugonjwa mmoja harudi kwake na miwili. Nimeombwa nizungumzie mpira wa mkojo. Najua ni jambo la kunong'onwa. Mzee akiwekewa mpira, wageni huambiwa ana shida ya tumbo, na wakwe hawaambiwi kitu kabisa. Leo tutalisema kwa sauti. Kama kuna mtu ameketi karibu na mama mkwe wake, tunaomba radhi mapema.

Huu hapa ninaoushika ni mpya, nimeutoa kwenye pakiti yake sasa hivi. Ni mrija laini wa urefu wa sentimita 40 hivi. Ncha hii ya mviringo ndiyo inayoingia mwilini, na ubavuni mwake mtaona vitundu viwili ambavyo mkojo hupitia. Upande huu wa pili umegawanyika. Mdomo mpana unaungwa na mfuko. Mdomo mwembamba una vali yenye rangi, na rangi hiyo inatuambia ukubwa: kijani ni namba 14, ya machungwa ni namba 16. Namba 16 ina unene wa zaidi kidogo ya milimita 5. Kwa mtu mzima, namba 14 au 16 kwa kawaida inatosha, na mpira mnene kupita kiasi humwumiza mgonjwa bure.

Sasa tazameni. Nachukua sindano yenye mililita 10 za maji, nasukuma hapa kwenye vali. Mmeona? Karibu na ncha limevimba puto. Hilo ndilo linalouzuia mpira usiteleze nje ya kibofu. Mtindo huu uliletwa na daktari Mmarekani, Frederic Foley, katika miaka ya 1930, na mpaka leo wauguzi tunauita kwa jina lake. Maji ya kujaza puto yawe maji safi yaliyotakaswa, yale ya kuchanganyia dawa za sindano, si maji ya chumvi ya dripu. Chumvi hukauka kwenye kale kanjia kembamba, na siku ya kuutoa mpira puto linakataa kushuka.

Nawaomba muangalie tena ukubwa wa hilo puto, kisha mfikirie njia ya mkojo ya mwanamume ilivyo nyembamba. Mzee aliyechanganyikiwa usiku akauvuta mpira kwa nguvu, hicho ndicho kitu kinachopita humo, kikichana. Ndiyo maana tunaufunga pajani kwa plasta au mkanda, ukiwa na ulegevu kidogo, ili mtu akigeuka usivutike. Na tafadhali, asiwepo mtu nyumbani wa kuchukua makasi akaukata akidhani maji yatamwagika na puto lishuke lenyewe. Huenda lisishuke, na kipande chenye puto kikabaki ndani.

Basi, kwa nini kitu kidogo hivi kinatunyima usingizi?

Kibofu kina ulinzi wake wa asili. Kila ukienda haja ndogo, mkojo unatoka kwa kasi na kuwasukuma nje bakteria waliokuwa wakijaribu kupanda. Ukiweka mpira, kasi hiyo haipo tena. Mlango uko wazi mchana na usiku, mkojo unachuruzika taratibu, na chini ya puto hubaki mkojo kidogo usiotoka, wenye joto zuri la kuzalishia viini. Wanaingia kwa njia mbili. Wengine hupanda nje ya mrija, kati ya mpira na ngozi, wakitokea kwenye haja kubwa. Wengine hupita ndani ya mrija, wakitokea mfukoni au pale mfuko na mpira vinapoungana, mtu akipafungua.

Wakishafika hawaelei tu. Hujishika kwenye ukuta wa mrija na kujifunika ute. Mnaujua ule ukoga unaoota ndani ya mtungi wa maji, ambao hata ukimimina maji mapya unabaki palepale mpaka uusugue? Ndio huo. Antibiotiki hupita juu yake bila kuumaliza, na ndani ya mpira hakuna anayeweza kusugua. Njia pekee ya kuuondoa ule ukoga ni kuutoa mpira wenyewe.

Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku mpira unapokaa, mgonjwa ana uwezekano wa kati ya asilimia 3 na 7 wa kupata bakteria kwenye mkojo. Hizo ni za siku moja. Jumlisha Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ukifika mwezi, karibu kila mwenye mpira ana bakteria, hata akitunzwa na muuguzi bora Afrika Mashariki nzima. Kuna mambo mengi nitawaambia leo kuhusu usafi, na yote yana faida, lakini hakuna linaloshinda kuhesabu siku. Kwa hiyo swali ninalotaka mtoke nalo hapa ni hili, na mliulize bila woga: Huu mpira unatoka lini?

Nianze na wenzangu wa wodini, kwa sababu mpira huanzia kwetu.

Sababu za kuuweka zinajulikana, na ni chache. Mkojo umeziba na mtu hawezi kukojoa. Mgonjwa yu mahututi na tunahitaji kupima mkojo wake saa kwa saa. Upasuaji fulani. Kidonda kibaya cha kulalia kilicho karibu na makalio, ambacho mkojo unakichoma kila mara. Mgonjwa anayekaribia mwisho wake na tunamtafutia utulivu. Ukitoka nje ya hapo, jiulize mara mbili. Kulowesha kitanda peke yake si sababu. Najua ninachokisema ni kigumu: usiku muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, shuka hazitoshi, na mashine ya kufulia imeharibika. Mpira unaonekana kama msaidizi asiyelala. Lakini mgonjwa huyo anaweza kuvishwa pampasi, kuwekewa bedpani kwa saa maalumu, au kama ni mwanamume akavishwa ile mipira ya nje inayovaliwa kama kondomu na kuungwa na mfuko. Mimi naona tukiuweka kwa ajili ya kujipunguzia kazi, tunailipa hiyo kazi wiki ijayo kwa homa na dripu.

Shida kubwa zaidi ni kusahau. Mwaka 2000 mtafiti mmoja Mmarekani, daktari Sanjay Saint, na wenzake walichapisha utafiti wa kuwauliza madaktari swali rahisi: ni nani kati ya wagonjwa wako ana mpira? Katika visa 28 kati ya kila 100, daktari hakujua kwamba mgonjwa wake anao. Na ile mipira isiyokuwa na sababu ndiyo iliyosahauliwa zaidi. Hizo ni hospitali zenye kompyuta na wafanyakazi wa kutosha. Sisi tulio na faili za karatasi zenye kurasa zilizochanika tunadhani tuko salama kwa lipi?

Kwa hiyo siku ya kuuweka, andika kwenye faili tarehe, saa, ukubwa, mililita za puto, na sababu. Sababu ikikosa maneno, mpira haukuhitajika. Raundi ya asubuhi, kila siku, mmoja wenu ataje kwa sauti: kitanda cha tatu ana mpira, siku ya pili, bado tunauhitaji? Aliyefanyiwa upasuaji, uondolewe mapema, ikiwezekana kabla ya saa 24 kupita. Na Ijumaa mchana piteni tena, kwa sababu mpira ambao haukutolewa Ijumaa utakutwa Jumatatu. Hata muuguzi mwanafunzi anaweza kuuliza hilo, na asifokewe.

Wakati wa kuuweka ni usafi wa kiwango cha thieta, hata kama uko kwenye kona ya wodi nyuma ya pazia. Mikono kwanza: sabuni na maji sekunde 40 hadi 60, au kama mfereji hautoi maji leo, dawa ya mikono yenye spiriti sekunde 20 hadi 30. Glovu zilizotakaswa. Jeli ya pakiti yake, si ile ya kopo linalochovywa na kila mtu. Usijaze puto kabla ya kuona mkojo ukitoka, kwa sababu huenda bado uko njiani, na puto likijazwa njiani utasikia kilio ambacho hutakisahau. Kwa mwanamke, mpira ukiingia ukeni kimakosa, uache hapo uwe alama, kisha fungua mwingine mpya. Usiutoe ule ule ukajaribu tena.

Na kwa huku kwetu ziwani, ambako wazee wengi hawajatahiriwa, kuna jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja: ukishamaliza, rudisha govi mahali pake. Likiachwa nyuma ya kichwa cha uume linabana, linavimba, na kufikia jioni una dharura ya pili.

Sasa mfuko. Zamani mkojo ulimwagika kwenye chupa au ndoo iliyo wazi chini ya kitanda, na baada ya siku 4 karibu wagonjwa wote walikuwa na bakteria. Mnamo 1966 Calvin Kunin na mwenzake McCormack walionyesha kwamba mfumo uliofungwa, mpira ukiungwa na mfuko na usifunguliwe, huchelewesha sana hali hiyo. Ni miaka mingi sasa, na bado naona watu wanautenganisha mpira na mfuko ili kuchukua mkojo wa kupima, au kwa sababu tu mgonjwa anakwenda kuoga. Kila ukipafungua, umerudi kwenye ile ndoo.

Niwape mambo mawili niliyoyaona kwa macho, hospitali sitaitaja, na wala si moja. La kwanza ni safari ya kwenda eksirei. Mgonjwa anahamishiwa kwenye troli, mfuko hauna pa kuning'inia, na anayesukuma, kwa nia njema kabisa, anauweka juu ya tumbo la mgonjwa. Mfuko una karibu lita moja ya mkojo wa tangu jana. Troli inapita kwenye korido, inaruka kizingiti, na unaweza kuutazama mkojo ukirudi kwenye mrija kuelekea kibofuni. Mfuko ukae chini ya kibofu kila wakati. Kabla ya safari, umwage. Wanaosukuma troli nao wafundishwe, tusiwaache nje ya semina kisha tuwalaumu.

La pili ni jagi. Asubuhi mtu anashika jagi moja la plastiki na kuanza kitanda cha kwanza, anafungua mfuko, bomba linagusa ukingo wa jagi, anamwaga chooni, anahamia kitanda cha pili na jagi lilelile na glovu zilezile. Akifika mwisho wa wodi, bakteria wa kitanda cha kwanza wamewatembelea wote. Kama ni bakteria aitwaye Klebsiella, yule sugu asiyesikia dawa zetu za kawaida, umemsambaza kwa dakika 15 bila kujua. Kila mgonjwa awe na chombo chake. Glovu zibadilishwe, na mikono isafishwe kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Hayo ya wodini yanatosha. Nitasema kwa ufupi kuhusu mipira mingine, kwa sababu kuna familia hapa zenye mgonjwa wa figo. Kanula ya mkononi, ile wengi mnaiita branula, ikianza kuuma, kuwa nyekundu au kuvimba, itolewe, na kama dripu imeisha na hakuna dawa ya mshipani, hakuna haja ibaki. Mrija mkubwa wa shingoni unaotumiwa kusafisha damu ndio wa kuogopwa zaidi, maana unafika karibu na moyo. Usilowe, plasta yake isifunguliwe nyumbani, na mtu asiutumie kuwekea dripu ya malaria kwenye kituo cha karibu. Kule Michigan, Marekani, Peter Pronovost na wenzake walipowaomba wahudumu wa vyumba vya mahututi wafuate mambo matano tu, yaani mikono safi, kujifunika kamili, ngozi kupakwa klorheksidini, dawa ya kuua viini, kuepuka mshipa wa kinena, na kuutoa mrija usiohitajika, maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66 katika miezi 18. Matokeo yalichapishwa 2006. Mtaona lile la tano ni swali letu lilelile.

Nije nyumbani, ambako mimi siwafikii ila nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mnafika.

Mgonjwa ninayemfikiria ni mzee wa tezi dume. Yuko Nyakach, yuko Vihiga, yuko Ugenya. Mkojo uliziba usiku, wakamkimbiza hospitali, akawekewa mpira, akaambiwa arudi kwa upasuaji. Tangu hapo anasubiri foleni, au pesa, au mtoto wake aliye Nairobi apate likizo. Mpira uliowekwa kwa ajili ya usiku mmoja umekuwa mwenzake. Kwa huyu, swali la unatoka lini lina majibu ambayo familia nyingi hazijui. Si kila mzee aliyeziba anahitaji kukaa na mpira mpaka upasuaji. Daktari anaweza kumpa dawa ya kulegeza misuli ya njia ya mkojo, kama tamsulosin, kisha baada ya siku 2 au 3 mpira ukajaribiwa kutolewa. Wengine hukojoa wenyewe, wengine huziba tena, lakini jaribio lenyewe ni haki yake. Muulizeni daktari.

Ikiwa lazima ukae, ujue ni wa aina gani. Mpira wa kawaida wa latex hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hivi. Wa silikoni tupu unaweza kufika wiki 12. Tarehe ya kubadilisha iandikwe kwenye daftari na ukutani, pale familia inapoandika namba za simu. Nauli ya kliniki ikikosekana mwezi mmoja, miwili, mitatu, bakteria fulani huugeuza mkojo na chumvi zake zikaganda kwenye mpira mpaka unakuwa mgumu kama chokaa. Unaziba, na ukitolewa unakwaruza njia nzima. Wahudumu, mkiona nyumba ambayo tarehe imepita, pigeni simu siku hiyohiyo. Wala usioshwe ukarudishwa. Ukitoka, umetoka.

Usafi wa kila siku ni maji safi na sabuni ya kawaida. Yanatosha. Sitaki kusikia habari za spiriti, chumvi, wala dawa za kuua viini za kuoshea sakafu. Zinaichubua ngozi na kumfungulia bakteria mlango mwingine. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume govi livutwe, lioshwe, lirudishwe. Mrija ufutwe kuanzia mwilini kwenda nje, usisuguliwe kwenda na kurudi. Anaweza kuoga vizuri tu. Maji ya ziwa ya moja kwa moja hapana. Yatibiwe au yachemshwe kwanza.

Mfuko umwagwe ukijaa nusu au kidogo zaidi, usingojee uwe mzito mpaka uuvute mpira. Bomba lisiguse choo. Usiku uning'inizwe kwenye msumari ulio chini ya usawa wa godoro, au uwekwe ndani ya karai safi, usilale kwenye sakafu ya udongo. Na anywe maji, isipokuwa daktari amemkataza kwa ajili ya moyo au figo. Wazee wengi wenye mpira huacha kunywa maji ili mfuko usijae mbele ya watu. Nawaelewa, ila mkojo mzito ndio unaoganda. Choo kikubwa kikiwa kigumu nacho husukuma na kubana mpira, kwa hiyo papai na mboga za kienyeji, osuga, dek, mrenda, zimo kwenye dawa.

Kuna kitu kimoja ambacho kimewahi kuvunja undugu. Mnaamka asubuhi, mfuko wa mkojo umekuwa wa zambarau. Zambarau kabisa, kama umetiwa wino. Nimesikia mpaka mkamwana akashukiwa ametia kitu kwenye chai. Haya ni mambo ya bakteria. Chakula kina kemikali fulani, utumboni inavunjwa, inafika kwenye mkojo, na bakteria walio kwenye mpira wanaibadilisha kuwa rangi, mojawapo ni ileile bluu ya nili ya kutilia nguo. Huonekana zaidi kwa wenye mpira wa muda mrefu wanaofunga choo. Rangi yenyewe haiui. Mpelekeni kituo cha afya, mpira na mfuko vibadilishwe, choo kilegezwe, na mkamwana aombwe msamaha.

Hapo naingia kwenye jambo ambalo litawaudhi wenye kemisti. Mkojo wenye harufu au ukungu kwa mtu mwenye mpira hauhitaji antibiotiki. Tumeshasema baada ya mwezi karibu wote wana bakteria. Ukimtibu kila mkojo ukinuka, unawaua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu, na siku ugonjwa wa kweli utakapokuja hutakuwa na dawa. Mama mjamzito ni habari nyingine, yeye hutibiwa hata bila dalili, na vilevile anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Wala kumeza vidonge vya kujikinga kwa sababu tu una mpira si kinga.

Ugonjwa wenyewe una sura yake: homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu chini ya kitovu au kiunoni chini ya mbavu, kutapika, damu. Kwa mzee sana huenda asiwe na homa kubwa, ila ghafla anaongea na watu waliokufa, hawatambui wajukuu, anakataa chakula. Huyo apelekwe leo. Na aliye na mpira ambao hautoi kitu kwa saa kadhaa, tumbo limevimba, huyo hata usiku. Kabla ya kukimbia, angalieni kwanza kama mrija umekunjika chini ya paja, mara nyingi ni hilo tu. Mkifika hospitali, kama mpira umekaa zaidi ya wiki 2, uwekwe mpya kwanza, na mkojo wa kuotesha maabara uchukuliwe kutoka kwenye huo mpya. Mkojo wa mfukoni hupimi, ule umeshachacha.

Vijana wetu wa bodaboda siwezi kuwaruka. Mtu wa miaka 24 ameanguka pale Kondele, uti wa mgongo umeumia, miguu haisikii na mkojo hausikii. Tunamwekea mpira wa kudumu na kumpeleka nyumbani nao. Kuna njia bora. Mwaka 1972 Jack Lapides, daktari wa Michigan, alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kujiwekea mrija mwembamba usio na puto mara kadhaa kwa siku, akamwaga kibofu na kuutoa, kwa mikono iliyooshwa tu, si kwa vifaa vya thieta. Wengi walimshangaa. Leo ndiyo njia inayopendekezwa kwa wengi wenye kibofu kilichopooza na mikono mizima. Kwa maoni yangu hatuifundishi inavyostahili. Tunamwona kijana, tunamwona maskini, tunaamua kwa niaba yake kwamba hataweza. Mfundisheni na mama yake akiwepo. Huyu mpira wake unatoka kila baada ya saa chache, na jioni anaweza kwenda kutazama mpira ule mwingine bila mfuko mguuni.

Kuna mahali pamoja ambapo nitawaomba msiharakishe. Mama aliyekaa na uchungu wa uzazi siku nzima au zaidi, kichwa cha mtoto kimebana kibofu, huwekewa mpira na kuachiwa kwa makusudi ili kibofu kipumzike. Fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo, ikiwa ndogo na ikigunduliwa mapema inaweza kujifunga yenyewe mpira ukikaa wiki kadhaa. Huyo akija kijijini na mpira, shangazi zake wasimwambie autoe kwa sababu anaaibika. Na akianza kuvuja mkojo, asifichwe nyuma ya nyumba, apelekwe. Kule Eldoret kuna hospitali ya Gynocare inayoshughulikia fistula, na kwa hapa anzeni na hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia.

Muda wangu umeisha, mwenyekiti ananitazama. Maswali.

*Mzee mmoja aliuliza kama anaweza kupanda bodaboda na mpira wake, kwa sababu kutoka kwake mpaka barabarani ni mbali.* Nilimjibu: Mzee wangu, unaweza, lakini mfuko uwe wa mguuni, umefungwa chini ya goti ndani ya suruali, na umwage kabla ya kuondoka. Usiuweke mapajani wala kwenye kikapu ulichokipakata, utarudisha mkojo juu. Kwenye matatu vilevile.

*Mama mmoja aliuliza amwambieje muuguzi bila kuonekana anamfundisha kazi.* Mama, sema hivi: "Sista, samahani, naomba kujua huu mpira wa baba uliwekwa kwa sababu gani, na unatoka lini?" Basi. Uliza wakati wa raundi, daktari akiwepo. Ukijibiwa "tutaona," kesho uliza tena kwa heshima ileile.

*Mhudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda aliuliza afanye nini mpira ukishatolewa na mgonjwa amerudi nyumbani.* Mpe maji ya kunywa kama kawaida, usimlazimishe, na hesabu saa. Mara ya kwanza inaweza kuchoma kidogo. Zikipita saa 6 hajakojoa, au anakojoa matone matone huku tumbo la chini limejaa na linauma, mrudishe siku hiyohiyo, na ubebe lile daftari lenye tarehe.